Matembezi ya makonsuli Lamu: mzee ni dhahabu, mipango ni vurugu tupu

Natoa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokata si ya mzee, msome mpaka chini mtajua ni ya nani.

Naanza na vile nilivyofika huko manake mimi si mtu wa historia, mimi nauza vifaa vya mabomba Malindi. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, kamaliza chuo mwaka wa pili huu, digrii ya uhusiano wa kimataifa, na kila ofisi anayopeleka karatasi zake wanazipokea vizuri wanamkalisha wanampa na maji halafu wanamuuliza kwa sauti ya chini, una mtu hapa? Hana mtu. Mjomba wake ni mimi na mimi ninayemjua ofisi kubwa ni mlinzi wa geti tu. Dada akanipigia akasema mchukue huyu mtoto umtoe nje ya nyumba, ashaanza kuongea na ukuta. Wiki hiyo hiyo nikaona kwa watsapu tangazo la matembezi mji wa kale Lamu, masaa matatu, na mada yenyewe ni makonsuli na mabalozi wa zamani pwani yetu, yani wawakilishi wa serikali za nje, nani alipewa cheo, alipewaje na nani alimshika mkono. Elfu moja mia tano kwa kichwa, kahawa na kashata humo humo. Nikamwonyesha, akacheka mara ya kwanza baada ya miezi, akasema mjomba hii ni digrii yangu yote kwa elfu moja mia tano.

Basi tukapanda basi la alfajiri, Mokowe tukavuka na boti, jua linachoma ile mbaya. Jina la wenye mpango sitaji maana sitaki maneno na watu, ukiwa Lamu uliza matembezi ya makonsuli pale gatini utaonyeshwa.

Sasa malalamiko niyatoe mapema yaishe. Tuliambiwa saa mbili unusu asubuhi, gatini. Saa mbili unusu tuko pale, sisi na walimu wawili wa kike kutoka Witu, na bwana mmoja na mkewe wametoka Mombasa. Mpokezi hayuko. Saa tatu hayuko. Simu inaita tu. Saa tatu na robo anakuja kijana mmoja, miwani ya jua, simu sikioni, ametulia kabisa kama aliyewahi, anasoma karatasi yake anaita majina na jina langu halimo ingawa nimelipa M-Pesa na ujumbe ninao. Nikamwonyesha ujumbe akasema "aah hiyo ni sawa, ungesema mapema." Ningesema kwa nani? Halafu akatupeleka njia ya Langoni wakati mzee anatungoja Mkunguni, kwa hiyo tukarudi nyuma tena tukipishana na punda wamebeba mawe ya matumbawe, mke wa yule bwana wa Mombasa buibui lake likashika vumbi la chokaa upande mzima, kijana hata pole hakusema. Nikamwambia mpwa wangu huyu hii kazi kaipataje? Akaniambia mjomba, ndio swali la leo.

Haya, mzee.

Mzee tulimkuta amekaa chini ya kivuli pale Mkunguni mbele ya ngome, kanzu ya rangi ya maziwa, kofia ya mkono iliyofuliwa mpaka ikawa laini, bakora ameiegemeza ukutani. Tukamwamkia shikamoo maalim, akaitikia marahaba mmoja mmoja, na kila mtu akamuuliza watu wake ni wapi. Nilipomwambia Malindi akasema, "Nyinyi ndio mliopeleka twiga China." Kweli, 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwa mfalme wa China na twiga, nikajiona nimepanda cheo bila kufanya kazi yoyote.

Akaanza na kitu ambacho sikukitarajia. Mi nilidhani atasema wazungu walileta kujuana, sisi tulikuwa malaika. Wapi! Akagonga ukuta wa ngome kwa bakora akasema hii ilimalizwa mwaka 1821 hivi, baada ya vita vya Shela, watu wa Lamu walipoogopa Mazrui wa Mombasa na watu wa Pate wakaenda kumwomba Sayyid Said wa Oman awatie chini ya mkono wake. Akawatia. Na mkono huo ukaja na liwali. Toka siku hiyo liwali wa Lamu ni mtu anayetoka kwa Sultani, aghalabu mtu wa kabila lake au ukoo wake, na ukitaka jambo lako liende unajua mlango wa kubisha. "Kwa hivyo msije mkanambia kujuana kumekuja na meli," akasema. Walimu wa Witu wakacheka, mmoja akaandika kwa daftari.

Kisha akamtaja Ahmad bin Na'aman, na hapa alinogesha kweli. Huyu alikuwa karani na mtu wa siri wa Sayyid Said, na 1840 akatumwa New York na jahazi la Sultani linaitwa Sultana, limebeba pembe, karafuu, tende, kahawa, na zawadi za rais wa Marekani, zikiwemo farasi wawili wa Kiarabu na lulu. Rais wao wakati huo Van Buren sheria yao haikumruhusu kupokea zawadi awe nazo mwenyewe, ikabidi Bunge lao liamue, farasi wakauzwa. Mzee akasema hebu fikirini, mtu anatoka huku kwetu, hajapita chuo chochote cha ubalozi, hana cheti, ana kitu kimoja tu, bwana wake anamwamini, na anakwenda anasimama mbele ya wakubwa wa nti ya watu na hatutii aibu. Mpwa wangu akauliza, "Kwa hiyo maalim, kujuana ni kuzuri?" Mzee akamwangalia akasema subiri kahawa.

Kabla ya kahawa alitupitisha Usita wa Mui, ile njia kuu, tukasimama mbele ya duka la vitambaa, akaomba aonyeshwe merekani. Mwenye duka akamtolea kipande cha pamba nyeupe. Akatushikisha. Mnajua kwa nini yaitwa merekani? Tunajua, kilitoka Marekani. Kilikuja na nani? Hapo kimya.

Basi akatupa habari ya Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, jimbo la New Hampshire, biashara ilikuwa imemwendea vibaya. Alifika Unguja miaka ya 1827 na 1828, akaonana na Sayyid Said, akaona Wamarekani wanalipishwa na kusumbuliwa kuliko Waingereza. Akarudi kwao, na bahati yake alikuwa na mtu. Alikuwa rafiki wa seneta Levi Woodbury wa jimbo lake. Woodbury alipopewa uwaziri wa jeshi la majini chini ya rais Andrew Jackson, Roberts naye akapata kazi, mjumbe maalum wa kwenda kufunga mikataba Mashariki. Na mjue alivyosafiri, kwenye meli ya kivita Peacock aliandikwa kama karani wa nahodha, ili wenzake wa nchi nyingine wasijue anaenda kufanya nini. Mkataba na Sayyid Said ukatiwa saini Muscat mwezi wa tisa 1833. Yani mkataba uliofanya bibi zetu wote wavae merekani umetokana na mtu aliyekuwa na mtu.

Na aliyefuata ndio balaa zaidi, Richard Waters, konsuli wa kwanza wa Marekani Unguja, alifika 1837, mtu wa Salem. Hakuwa na mshahara. Serikali ilimpa jina, bendera na barua, chakula ajitafutie. Kwa hiyo konsuli alikuwa mfanyabiashara, asubuhi anaandika barua za serikali, mchana anauza vitambaa na kununua pembe na sandarusi, na alielewana vizuri na Jairam Shivji aliyekuwa ameshika forodha ya Sultani, basi wafanyabiashara wengine wa Kimarekani ambao hawakuwa kundi lake walilia. Yule bwana wa Mombasa, nadhani yuko kwa kliaringi bandarini, akasema kwa sauti ndogo "huyo angefaa Kilindini" na tukacheka mpaka mwenye duka akatutazama.

Kahawa ilikuwa kwenye daka la nyumba moja Mkomani, baridi, kuta nene, ndani unaona zidaka zimepangwa sahani za zamani. Kahawa chungu na kashata za nazi, kashata zilikuwa freshi, kahawa ilikuwa na tangawizi kidogo kuzidi kwangu lakini sijakata nyota kwa tangawizi. Hapa ndipo mzee alipofanya kile kitu ambacho ndio nimekuja kuandika haya yote.

Alichukua vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Kimoja akakiweka juu ya baraza pale tulipokaa. Cha pili akakiweka chini, kwenye kidaraja cha mlango, pale watu wanapokanyaga. Akavimiminia vyote kahawa kutoka dele moja.

Akasema hiki cha juu ni ubalozi na hiki cha chini ni ukonsuli. Dele ni moja, ni serikali moja ya Uingereza, kahawa ni ile ile. Lakini aliyezaliwa cha chini hapandi juu. Yule kijana wa ngazi ya chini kabisa ubalozini, ili aingie tu lazima waziri wa mambo ya nje mwenyewe ampitishe, jina lake liletwe na mtu anayejulikana. Akishapitishwa ndio anafanya mtihani, si kabla. Na akishafaulu anafanya kazi miaka miwili bure. Na juu ya hayo lazima aonyeshe kwamba ana pauni 400 kwa mwaka za kwao, za baba, si za mshahara. Sheria hiyo ilikaa mpaka 1919! Mpwa wangu aliruka, akasema sisi tunafanya intanishipu bure miezi mitatu tunalia. Mzee akamwambia wewe wafanya bure kwa sababu huna kitu, wao wafanya bure kwa sababu wana kitu, na ndiyo maana hawakuhitaji kuandika tangazo la kazi, maskini amejikata mwenyewe.

Konsuli ni mwingine. Konsuli anakaa bandarini, anahesabu meli, anazika mabaharia, anaamua ugomvi wa Wahindi raia wa Kiingereza, anakimbizana na majahazi ya watumwa, anaugua homa. Anaweza kuwa mwanajeshi, daktari, baharia, mfanyabiashara, yeyote ambaye mkubwa fulani alimkumbuka. Naye pia ameingia kwa mtu, msikosee. Lakini akishaingia mlango huo atazeeka kwenye mlango huo. Huduma hizi mbili hazikuunganishwa mpaka 1943, vita vya pili vya dunia vinapigwa. Alivyosema hivyo punda akapita, akakipiga kile kikombe cha chini kwato, kahawa ikamwagika yote kwenye kidaraja. Wallahi sisemi uongo. Mzee hata hakushtuka, akasema, "Hata punda ajua." Nadhani amewahi kufanya hii mara nyingi, na nadhani kikombe anakiweka pale makusudi, lakini ilinifaa.

Halafu akatupa watu. Hamerton, konsuli wa kwanza wa Uingereza Unguja, 1841, mwanajeshi kutoka jeshi la Bombay, ana mabwana wawili, Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki upande mmoja na ofisi ya London upande mwingine, na kila mmoja anaweza kumlaumu. Alikaa mpaka akafia huko huko 1857, na kiti chake kikabaki mwaka mzima hakina mtu mpaka Rigby alipofika 1858. Mzee akauliza, nani alikuwa na haraka? Hakuna mkubwa aliyekuwa na mpwa anayetaka kwenda Unguja kuugua malaria.

Kisha Kirk. Hapa mzee na mpwa wangu walibishana na ndio sehemu niliyoipenda. John Kirk alikuwa daktari Mskochi, alitembea na Livingstone safari ya Zambezi toka 1858, na Livingstone akamsaidia kupata kazi Unguja 1866, kazi ya udaktari wa pale ofisi ya konsuli, si ukonsuli wenyewe. Udaktari tu. Lakini yule mtu akajifunza, akazijua lugha, akazijua siasa za watu wa Unguja, akakaimu, 1873 akawa konsuli kamili, mwaka ule ule Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, akatia saini kufunga soko la watumwa, 1880 akawa konsuli mkuu. Akaondoka 1886. Miaka ishirini. Mpwa wangu akasema si unaona, ameingia kwa mtu lakini amepanda kwa kazi. Mzee akasema sawa, na Holmwood je? Frederic Holmwood alifanya kazi chini ya Kirk miaka, anaijua pwani kama kiganja chake, Kirk alipoondoka akashika kiti. Wajerumani hawakumpenda. Bismarck, mkubwa wao, akalalamika, na Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa anamhitaji Bismarck kwa mambo ya Misri, basi Holmwood akaondolewa 1887. Kosa lake lipi? Alikuwa amesimama mahali ambapo mkubwa alitaka kupita. Mpwa akanyamaza. Mimi nilitaka kumtetea kijana wangu lakini sina digrii.

Baada ya hao akaja Gerald Portal, huyu kikombe cha juu, kasoma Eton, kalelewa kikazi Cairo chini ya Baring, mkubwa wa Kiingereza huko Misri, na 1891 akawa mkuu Unguja ana miaka 33. Kirk alipokuwa na miaka 33 ndio kwanza anangojea ile kazi ya udaktari. Sikumwona mzee akimchukia Portal, alisema alikuwa mchapakazi na akafa mapema, homa ya matumbo, mwezi wa kwanza 1894. Hakuongeza.

Tukashuka pwani. Jua saa tano hiyo, miguu inauma, mke wa bwana wa Mombasa amenunua maji ya dafu, na mzee akasimama mbele ya bahari, pale ukiangalia nyuma unaona jumba la makumbusho ambalo wakubwa wa Kiingereza walikaa zamani. Ushauri wangu, makumbusho yenyewe ingieni siku nyingine mkiwa hamjachoka, kuna siwa humo, usipite siwa na njaa.

Hapo ndipo alipotupa habari ya Lamu yenyewe, ya nyumbani. Waingereza walikuwa na meli kuukuu inaitwa London imefungwa bandari ya Unguja toka 1874 ya kukamata majahazi ya watumwa. 1883 wakaiondoa, badala yake wakaweka makonsuli wadogo pwani, na Lamu tukaletewa mmoja. Jack Haggard, mwanajeshi wa majini. 1884 alifika mpaka Witu kwa Sultani Ahmed, yule Simba, akamwandikia Kirk ripoti. Walimu wa Witu walinyoosha shingo hapo. Akakaa mpaka 1885, na mwaka huo huo ndugu wawili Wajerumani, kina Denhardt, wakamfikia Simba wakafunga mkataba naye mwezi wa nne, mwezi wa tano Witu iko chini ya ulinzi wa Ujerumani. Mtu wa kikombe cha chini ndiye aliyekuwa karibu kuyaona, na wa kuamua wako London.

Lakini mzee alichotaka ni familia. Baba Haggard alikuwa mwenye shamba Norfolk, watoto kumi, na vijana wa kiume inabidi wote watafutiwe pa kwenda. Mmoja, William, akapata mlango wa ubalozi, akapanda akapanda, akaishia kuwa mwakilishi wa Uingereza Argentina kisha Brazil na usir akapewa. Mdogo wao Henry, ana miaka 19, baba akaandika barua kwa jirani yao Sir Henry Bulwer aliyekuwa anakwenda kutawala Natal, 1875 huyo akaondoka naye, bila mshahara, mtu wa mkoba. Na Jack akaletwa Lamu. Baba mmoja, mama mmoja. Mzee akaonyesha bahari akasema, mmoja anakula chakula na marais, mmoja yuko hapa anahesabu ngalawa. Akanyamaza kitambo, sisi pia, kuna jahazi lilikuwa linapakua boriti.

Posta ya Wajerumani tulipita haraka, ilifunguliwa mwezi wa kumi na moja 1888 na ikafungwa mwezi wa tatu 1891, baada ya Waingereza na Wajerumani kubadilishana kwenye meza 1890, Witu ikaenda kwa Waingereza, kisiwa cha Heligoland kikaenda kwa Wajerumani. Mpokezi wetu miwani alikuwa atuletee maji hapo. Hakuja. Nilimwona mbali anapiga picha na watalii wa Kiitaliano.

Kwa hiyo mwisho tumekaa tena kivulini na mzee anamalizia na Lord Salisbury, manake 1890 ndiye aliyetia mkono kwenye biashara hiyo yote ya Witu. Salisbury alikuwa waziri mkuu na mara nyingi pia waziri wa mambo ya nje, yani ndiye mwenye kalamu ya kuteua. Na 1887 akamchukua Arthur Balfour akampa Ireland aitawale, kazi ngumu, watu wakashangaa. Balfour ni nani? Mtoto wa dada yake. Mpwa. Mpwa halisi. Na 1902 mjomba alipoondoka, nani akawa waziri mkuu? Mpwa. Mzee akasema na cha ajabu hakuwa mjinga yule kijana.

Mi sikuweza kujizuia. Nikamwambia maalim, samahani, mimi nimefurahi sana, lakini yule mpokezi wenu mmemtoa wapi? Amechelewa, hana jina langu, ametuzungusha, maji hajaleta. Watu wote wakawa kimya.

Mzee akashusha macho, akachezea bakora, akasema, "Yule ni mtoto wa dada yangu."

Tulicheka jamani. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho na ncha ya kofia. Akasema dada yake alimsihi, kijana hana kazi, nimfanye nini? Nikasema nakuelewa maalim, wallahi nakuelewa, huyu hapa ni wa dada yangu. Akamgeukia mpwa wangu, ambaye muda wote alikuwa ameandika kurasa nane kwenye simu, akamuuliza, yale uliyoandika waweza kuyapanga yakasomeka? Watalii waniuliza karatasi na mie mato yashachoka. Akamwambia ndoo Jumamosi.

Sasa yuko Lamu wiki ya tatu. Hajaanza kulipwa, dada ananiuliza kila siku na mimi namwambia ndio taratibu za kibalozi. Anasema miwani bado anachelewa lakini majina sasa yanaandikwa sawa kwa sababu anayaandika yeye.

Ukitaka kwenda: vaa viatu vinavyoshika, njia zina mavi ya punda na mawe yanateleza. Enda siku ambayo si ya jua kali, au uwaombe waanze mapema zaidi, ila kwa mapema utangoja. Beba maji yako. Lipa M-Pesa na uweke ujumbe. Wasiojua Kiswahili wanapewa mtu mwingine wa kuwaeleza na nimeambiwa si sawa na mzee, kwa hiyo kama una mgeni kaa naye umtafsirie. Na pale kwenye daka kaeni juu, vikombe vikianza kumiminwa ondoeni miguu kwenye kidaraja.